Kibali cha Ukimya wa Chausiku

Ipo nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwa woga. Jina lenyewe liko kwenye kamati, na kamati haijakaa kwa sababu mwenyekiti wake bado anatafutiwa kiti kinachomfaa. Nchi hiyo nimefika, maji yake nimeyanywa, nikaugua, nikatibiwa, nikashukuru. Kwa hiyo haya ninayoyasema nayasema kwa mapenzi matupu, na anayedhani namsema yeye, basi mwenyewe anajijua.

Watu wa nchi ile wanapenda maigizo kupita chakula, jambo ambalo serikali yao ililizingatia sana wakati wa kupanga bei ya unga. Ulikuwepo Ukumbi wa Taifa kwa maigizo rasmi, yale yanayoanza kwa hotuba, yanayoishia kwa hotuba, na ambayo mtu wake mbaya lazima awe ametoka nchi jirani. Waliokuwa na maigizo mengine walikwenda kuchezea kwenye maghala ya kahawa na gereji zilizokufa, huko nyuma ya mji, na watu wakawafuata huko mpaka Ukumbi wa Taifa ukabaki na walinzi na popo.

Serikali nyingine ingepiga marufuku. Ile haikuwa serikali ya namna hiyo, ile ilisaidia. Ilianzisha Tamasha la Pembezoni, na ili watu wa pembezoni wasisumbuke kukaa pembezoni, ikawajengea Jengo Kuu la Pembezoni katikati kabisa ya mji mkuu, la marumaru, likitazamana na makao makuu ya polisi. Kuanzia hapo, kuigiza pembezoni nje ya Jengo la Pembezoni likawa kosa.

Mkuu wa jengo alikuwa Mheshimiwa Dakta Balozi Mstaafu Ngwale, mtu mwenye sauti ya redio na miwani anayoivaa ili apate kuivua. Siku ya ufunguzi aliivua akasema:

"Uhuru wa msanii ni kitu cha thamani. Na kitu cha thamani, ndugu zangu, hakiachwi kikizurura mikononi mwa watu. Kinawekwa stoo, mlango unafungwa, ufunguo anapewa mtu mwaminifu!"

Watu wakamgeukia Mgeni Rasmi. Mgeni Rasmi akapiga makofi. Ndipo nao wakapiga.

Hapa inabidi nisimame kidogo niwaeleze, maana hadithi yote imekaa juu ya jambo hili. Kule hakuna shughuli bila Mgeni Rasmi. Kiti chake kinawekwa mbele, peke yake, kimefunikwa taulo jeupe. Haijaanza shughuli mpaka akae. Hapigi mtu kofi kabla yake, hacheki mtu kabla yake, na haondoki mtu kabla hajainuka. Wanasema desturi hiyo ilianza siku mwalimu mmoja alipocheka mbele ya Waziri, kumbe Waziri hakuwa ametania. Mwalimu yule siku hizi anafundisha kwenye kisiwa ambacho watu wake walihama.

Sasa njoo kwa Mzee Feruzi.

Mzee Feruzi na mkewe, Bi Chausiku, walikuwa wachezaji wa maghalani tangu ujana wao. Walikuwa na igizo moja tu lililowafanya wajulikane, nalo hawakulitunga. Walilihamisha kutoka sebuleni kwao. Mume na mke wamekaa juu ya vigoda, wanakunywa chai ya jioni. Dirisha liko wazi, mbu wanaingia. Hakuna anayetaka kuinuka kulifunga. Basi wanabishana: sukari, umeme, mambo ya ndugu wa mume, siku ya posa, na katikati ya yote, dirisha. Mwisho Chausiku anainuka bila neno, anafunga, anarudi kukaa, anamtazama mumewe, halafu anamcheka. Kile kicheko ndicho kilichokuwa kinafunga igizo. Watu walikuwa wanatembea kutoka mbali kuja kusikia mtu akichekwa.

Kisha Chausiku akaugua ugonjwa ulioanza kama mafua, akafa.

Wenzake walimwambia, "Mzee Feruzi, tafuta mwingine. Wanawake wa kuigiza wamejaa tele mjini."

"Wa kuigiza wamejaa," alisema. "Wa kunijibu hakuna."

Akaendelea kucheza peke yake. Anaweka vigoda viwili, anamimina vikombe viwili. Anasema neno lake, halafu ananyamaza, na katika kunyamaza huko anayasema maneno ya Chausiku moyoni, kwa mwendo ule ule wa Chausiku, pamoja na pale alipokuwa anavuta chai kwa makusudi ili kumtia mtu hasira. Yakiisha, anajibu. Hakuwa mwendawazimu, msimdhanie hivyo. Alijua mkewe amekufa, alimzika mwenyewe. Lakini mahali pekee duniani palipokuwa pamebaki na Chausiku palikuwa mle, kati ya neno na neno. Nyumbani alikuwa na nguo zake na sufuria zake. Mle alikuwa na ulimi wake.

Maghala yalipofungwa, akaona hana budi kwenda Jengo la Pembezoni kuomba nafasi.

Kwanza alitakiwa awe kikundi, maana kanuni haimtambui mtu mmoja. Feruzi akaitisha mkutano nyumbani kwake, akahudhuria. Akajichagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kwenye nafasi ya mwenyekiti akajipinga kwanza kidogo ili uchaguzi uonekane una ushindani. Alishinda kwa taabu. Kisha akapewa Cheti cha Uhuru, kinachosema kwamba kikundi hiki ni huru, na kwamba kisifanye lolote bila kuuliza.

Maneno yake yalipitishwa haraka na Idara ya Maneno. Taabu ilikuwa pale asiposema. Idara ya Maneno ikasema ukimya si kazi yake, ikampeleka kwenye Kamati ya Ukimya, iliyoundwa asubuhi ile ile kwa heshima yake. Mwenyekiti alikuwa Dakta Ngwale mwenyewe.

"Mzee," alisema Dakta Ngwale akiivua miwani, "hapa baada ya neno lako la kwanza, pana nafasi. Umeandika nini?"

"Sijaandika kitu, Mheshimiwa."

"Ndicho ninachokuuliza. Kitu gani hicho hukukiandika?"

"Anaongea mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Amefariki, Mheshimiwa."

Wajumbe wakasema pole. Wakainamisha vichwa. Kisha mmoja akainua mkono akauliza kama marehemu ana kibali cha kuzungumza hadharani.

Wakamwambia acheze hapo hapo wamsikilize. Feruzi akakaa kwenye kiti cha ofisi, akasema maneno yake, akanyamaza, akasema, akanyamaza. Mtaalamu wa Kamati alikuwa ametega sikio.

"Ukimya wa kwanza hauna neno," alisema mtaalamu. "Wa pili nao unapita, ingawa umekaa kienyeji. Huu wa tatu, Mheshimiwa, una dharau."

"Dharau kwa nani?"

"Unapokuja, mzee anakuwa ametoka kuuliza kama umeme utarudi. Halafu kimya! Kimya namna ile, Mheshimiwa, mtu yeyote mwenye akili timamu anajua kimesema nini."

Wajumbe wote wakaangalia mezani, kwa sababu wote walikuwa wanajua.

"Mzee Feruzi," alisema Dakta Ngwale, na sasa sauti ilikuwa ya huruma kweli, "serikali hii haiwezi kumwacha mwananchi wake mbele za watu akikosa wa kumjibu. Itakuwa aibu kwetu. Tutakujibu sisi."

"Mheshimiwa, naomba msinijibu."

"Usione haya, mzee wangu. Ni haki yako."

"Mkijibu nyie, yeye atasemea wapi?"

Dakta Ngwale akavaa miwani, na huo ndio ulikuwa mwisho wa kikao. Wakampa mke wa serikali.

Mke mwenyewe alikuwa Afisa Pelagia Mtegeta, mwanamke makini wa makamo, aliyekuwa amehamishwa vituo vingi mpaka alikuwa haufungui tena mfuko wake wa nguo. Alikabidhiwa majibu ya Chausiku yaliyopitishwa na Kamati. Kamati ilikuwa imeyatunga kwa uangalifu mkubwa sana, bila kuyasoma maneno ya Feruzi yanayofuata, kwa kuwa hayo yalikuwa chini ya idara nyingine na kuyasoma kungekuwa utovu wa nidhamu.

"Shikamoo, mzee," Afisa Pelagia alimwambia alipokuja kujitambulisha. "Nimetumwa nikae kwenye kigoda cha mkeo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa tu. Ila kina mguu mmoja mfupi. Yeye alikuwa anaegemea kushoto."

Siku ya igizo mimi nilikuwepo, safu ya mwisho karibu na mlango wa choo, mahali ambapo mstaafu mwenye akili kama mimi huwa anakaa. Ukumbi ulijaa. Wale waliokuwa wakimfuata Feruzi maghalani walikuja wote, wamevaa nguo za msikitini na kanisani kwa sababu ya marumaru.

Mgeni Rasmi alikuwa awe Waziri. Waziri alipata dharura akamtuma Naibu, Naibu akamtuma Katibu, Katibu akamtuma dereva wake. Dereva naye alikuwa hawezi kuliacha gari, basi akaingia mbio na koti la Katibu, akalivalisha kiti kile chenye taulo jeupe, akatoka. Tukasimama wote. Bendi ikapiga. Askari mmoja alilipigia koti saluti, nalo lilipokea vizuri tu. Heshima ikiwa imeshatolewa hivyo, tukakaa.

Jukwaani palikuwa na vigoda viwili, birika, vikombe, na dirisha la mbao la bawa moja lililoning'inizwa kwa kamba. Wazi.

Feruzi akaonja chai. "Chausiku, hii sukari umetia?"

Afisa Pelagia akasoma: "Sukari ipo ya kutosha nchi nzima."

"Mbona mimi siisikii?" akasema Feruzi.

Jamani. Nilihisi ukumbi mzima unavuta pumzi. Mama mmoja mbele yangu aliuma mtandio wake. Tukaliangalia koti. Koti halikucheka. Tukakaa na vicheko vyetu matumboni kama watu waliokula harusi mbili.

"Na umeme utarudi leo?"

"Umeme haujawahi kukatika. Hupumzishwa."

"Hivyo hivyo uliniambia jana, nikabamiza goti kwenye kabati."

Bwana mmoja aliinama chini ya kiti, ameishika pua. Wengine walikuwa wanatokwa machozi, kimya, wamenyooka kama wanafunzi. Koti, kama kawaida.

"Viongozi wetu wanatupenda sana," alisoma Pelagia.

"Nenda zako," alisema Feruzi, "uongo huo ulinianzia nao tangu siku ya posa."

Mngesema mzee anafanya makusudi. Hapana. Alikuwa anasema maneno yake yale yale ya miaka yote, na kila neno alilisema kwa huzuni zaidi ya lile lililotangulia. Sisi tulikuwa tunapambana na kucheka, hatukuona. Aliyeona ni yule aliyekaa karibu naye.

Pelagia alikuwa akimaliza kusoma, anategemea mzee aendelee, na mzee haendelei. Majibu ya Kamati yalikuwa mafupi kuliko ya Chausiku. Basi Feruzi alikuwa akimsubiri amalize, halafu anaangalia pembeni ya bega lake, na midomo yake inatikisika kidogo, kidogo tu. Anayasema ya mkewe upesi upesi, kabla serikali haijasoma tena. Na jinsi igizo lilivyozidi kwenda ndivyo alivyozidi kuyapoteza. Ilifika mahali midomo ikatikisika, ikasimama. Akapepesa macho kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine akakosa kusikia kilichosemwa. Alitazama kikombe cha pili.

"Chausiku?" akasema. Neno hilo halikuwamo.

Pelagia aliangalia karatasi yake. Zamu ilikuwa yake. Aliikunja, akaitia mfukoni, akainuka akafuta kigoda kwa kiganja, kama mtu aliyekalia cha mwenzie bila kujua. Kisha akageukia ukumbi na kusema kwa sauti ya ofisi:

"Kwa mujibu wa kanuni, kiti cha Mgeni Rasmi hakiwezi kukaliwa na vazi wakati afisa wa serikali yumo ukumbini!"

Akashuka jukwaani, akalishika koti mabegani kwa adabu, akalikunja, akaliweka chini. Akakaa yeye. Sisi, kwa mazoea, tukasimama, bendi ikapiga, tukakaa.

"Endelea, mzee," alisema.

Feruzi alimimina chai upya. Halafu akaanza tena mwanzo kabisa, kwenye sukari. Aliuliza, akanyamaza, na safari hii alinyamaza kwa raha, ameegemea, anatikisa kichwa. Akasema mbona yeye haisikii, akanyamaza tena, kisha akasema, "Umeanza! Kwa hiyo kosa ni la ulimi wangu?"

Pelagia akacheka.

Kilikuwa kicheko kibaya, kina kutu, kimetoka na kikohozi ndani yake, cha mtu aliyekuwa hajakitumia tangu vituo vingi nyuma. Lakini kilikuwa cha Mgeni Rasmi. Sheria ilikuwa imetimia. Ukumbi ukapasuka. Tulicheka ya sasa na ya nyuma, tukacheka ya umeme ambayo tulikuwa tumeyahifadhi, na wala hatukuwa tumesikia neno la Chausiku. Kila mtu alikuwa anamsikia wake wa nyumbani. Mimi nilimsikia wangu, na sitawaambia alisema nini.

Hivyo igizo likafika mwisho, pale pa dirisha.

"Basi, Chausiku," alisema Feruzi, "usiku unaingia."

Akanyamaza. Hapo ndipo mkewe alipokuwa anainuka. Vicheko vikafa kimoja kimoja. Dirisha lilikuwa wazi, linacheza kwenye kamba yake. Feruzi aliliangalia, akakiangalia kigoda. Tukasubiri. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa Mgeni Rasmi hakupiga. Alikuwa ameshika lile taulo jeupe kwa mikono miwili usoni. Na hakuna aliyeondoka, kwa kuwa Mgeni Rasmi hakuinuka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, mzee yule hakumsubiri mkewe peke yake. Ukumbi mzima ulikaa ukamsubiri pamoja naye. Hakuja. Tulikaa mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tumefungiwa.

Afisa Pelagia alihamishwa kesho yake, akapelekwa kulinda mpaka ambao wenyewe ulishasogezwa. Nasikia huko hana wa kuongea naye, lakini wapita njia wanasema mara nyingine wanamsikia akicheka.

Dakta Ngwale yeye alifurahi mno. Ripoti ilimwambia kwamba mamia ya wananchi wamekaa kwenye jengo lake kimya kabisa, bila kulazimishwa, na hakuna kilichosemwa. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Kabla ya mvua za mwaka ule, nchi ikatangaziwa Siku ya Taifa ya Ukimya wa Chausiku.

Sasa husherehekewa kila mwaka. Kuna gwaride na bendi, kuna fulana na kofia, na kila nyumba inatakiwa imimine vikombe viwili, cha pili kikaguliwe na mjumbe. Magari yenye vipaza sauti hupita mtaa kwa mtaa yakipiga kelele: "Wananchi, nyamazeni! Nyamazeni kwa furaha!" Dakta Ngwale hutoa hotuba ya ukimya, na ya mwaka jana ilikuwa ndefu kuliko zote. Siku hiyo kila mtaa una Chausiku wake aliyepitishwa na Kamati.

Feruzi hualikwa kila mara, na kila mara haendi. Mwaka huu nilipita kwake, nikamkuta sebuleni, nikakaa nje barazani nisimsumbue. Alikuwa amemimina vikombe viwili. Dirisha lake la kweli lilikuwa wazi, kama lilivyokuwa tangu Chausiku alipofariki, maana maisha yao yote kulifunga hakukuwa kazi ya mzee.

"Hii sukari umetia?" nilimsikia akiuliza.

Akanyamaza. Nje gari la kipaza sauti likapita likiamuru ukimya. Akauliza tena. Likapita lingine, na bendi nyuma yake.

Nikasikia kigoda kikisogea. Mzee Feruzi alikuja dirishani, akalitazama kama mtu anayetazama mnyama ambaye hajawahi kumfuga. Akalivuta, likakwama, akalivuta tena kwa nguvu, akalifunga.

Kisha akarudi akakaa, akaweka mikono magotini, akasubiri kuchekwa.